Isaya 53:4 ni "huzuni" au "magonjwa"? Naombeni ushauri

Mwana_wa_Mama: Wakuu, habari za jioni. Biblia ya Union inasema "ameyachukua masikitiko yetu, amejitwika huzuni zetu." Mchungaji kafundisha kwamba Kiebrania chake ni *kholi*, yaani ugonjwa, kwa hiyo magonjwa yetu yalishabebwa. Ni kweli? Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi.

Mzee wa Vina: Ni kweli. *Kholi* ndiyo ya Kumbukumbu 7:15, na pale Union hiyohiyo inasema "ugonjwa". Mathayo 8:17 ananukuu mstari wako na kuandika "magonjwa yetu". Ila Wayahudi waliotafsiri kwa Kigriki kabla ya Kristo waliweka "dhambi zetu", na 1 Petro 2:24 inaelekea hukohuko.

Dada Tausi: Baba alipofariki nililala na sura hiyo kifuani. "Mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko." Mkiniondolea huzuni pale mnaniachia nini?

Chuma_Chakavu: Alhamisi kuna nini mkuu? Funguka.

Mwana_wa_Mama: Kliniki ya mama. Ana presha na sukari. Tangu mkesha wa mwezi uliopita hamezi vidonge, anasema akimeza atakuwa amekana uponyaji wake. Hela ya dawa huwa natuma mimi, mwezi huu sijatuma. Msinihukumu. Analala usingizi, asubuhi anaimba, amani hii sijaiona tangu baba atutoke. Mimi ni nani nimvunje imani?

Bwana Kobe: Mtaani kwetu maji ya upako yaliuzwa bei ya soda. Shangazi alijaza kabati zima, mjomba akayapikia chai.

Kisu Butu: Chai ni hii tunayonyweshwa humu. ID ya jana, uzi wa kwanza Kiebrania! Kesho italetwa namba ya kutuma sadaka.

Chuma_Chakavu: Hata ikiwa chai, kuna anayesoma hapa na mama yake kaacha dawa kweli.

Mwana_wa_Mama: Siombi hela ya mtu. Dada kapiga simu leo, miguu ya mama imevimba, kandambili hazimwingii.

Mzee wa Vina: Basi asisubiri Alhamisi, apelekwe hospitali leo. Na akitaka Neno, msomee Isaya huyohuyo, sura ya 38. Mfalme Hezekia ni mgonjwa, ameshaahidiwa miaka 15 zaidi ya kuishi, lakini nabii anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, apone. Ugonjwa wake, mstari wa 9, ni *kholi* hiyohiyo. Nabii Elisha aliyemtakasa Naamani ukoma naye alikufa kwa *kholi*, 2 Wafalme 13:14. Nani atasema Elisha hakuwa na imani?

Dada Tausi: Pole mdogo wangu. Hata mimi hiyo ya Elisha nilikuwa naipita tu.

Mwana_wa_Mama: Nampigia mama mwenyewe, dada hatamsikiliza. Hela nisubiri kwanza nisikie atasemaje.

Chuma_Chakavu: Mtumie dada yako hela ya gari sasa hivi. Mama utampigia wakiwa njiani.