Naomba ushauri: tangi la Peugeot 504 linaninyima mafuta mlimani

Wanachama wenzangu, hamjambo. Nina Peugeot 504 ya kabureta, ya mwaka 1979, niliyoachiwa na marehemu baba baada ya kukaa miaka sita bila kuendeshwa, tangi likiwa nusu. Mjini Nakuru inakwenda vizuri, lakini nikipita Salgaa na kuanza kuupanda mlima kuelekea Mau Summit, injini hupungukiwa nguvu na kuzima. Nikingoja kama dakika kumi, huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno.

Nimebadilisha chujio la mafuta mara mbili, na yote mawili yalitoka na unga mwekundu wa kutu. Kabureta imesafishwa na pampu ya mafuta imewekewa kiwambo kipya (utando unaosukuma mafuta). Nilidhani tundu la hewa la tangi limeziba, nikaendesha mfuniko ukiwa umelegezwa, lakini gari likazima palepale. Kilichosaidia ni kupuliza bomba la mafuta kwa upepo wa kompresa kuelekea kwenye tangi, na nafuu hiyo ilidumu siku mbili tu.

Fundi wangu anapendekeza tangi likatwe, likwanguliwe, kisha lichomelewe upya. Binafsi naogopa, kwa kuwa mvuke wa petroli hubaki hata tangi likionekana kavu.

Je, kuna aliyeondoa kutu kwa siki au asidi ya fosfori bila kulikata tangi, na je, alilazimika kulipaka rangi ya kinga ndani? Pili, bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi lina wavu unaoweza kuchomolewa na kusafishwa?

Natanguliza shukrani.