Tupeane uzoefu: Ulishawahi kurudia kichekesho cha zamani ukakuta hakichekeshi kama mwanzo?

Mpenda Sinema
Wakuu, habari za jioni. Jana usiku nimeirudia The Gold Rush ya Charlie Chaplin, ile ya 1925. Mara ya mwisho niliiona nikiwa na miaka tisa hivi, nimelala kifudifudi mbele ya runinga, nikacheka mpaka kwikwi ikanishika. Jana nimekaa na mwanangu wa miaka kumi na minne. Dakika ishirini nzima hakucheka hata mara moja, na mimi nikawa namtazama yeye kuliko filamu. Roho iliniuma. Ilipofika pale Chaplin anapochemsha kiatu chake kwa njaa, anazungushia kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, ananyonya misumari kama mtu anayenyonya mifupa, kijana akasema taratibu, "Baba, huyu ana njaa kweli." Basi. Nimelala na hilo neno. Je, vichekesho vimezeeka au ni sisi tumebadilika? Mwenye kisa chake asimulie.

Kimya Kingi
Mwanao kaielewa kuliko sisi tuliocheka.

Fundi Picha
Mkuu, kabla ya kulaumu umri, angalia nakala uliyoiona. Chaplin mwenyewe aliitoa upya mwaka 1942: akaondoa maandishi yaliyokuwa yakitokea kati ya picha na picha, akaweka muziki na sauti yake akisimulia, na ile busu ya mwisho akaikata. Ni kama filamu mbili tofauti.

Halafu kuna suala la kasi. Kamera za enzi ya filamu bubu zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sauti ilipoingia, mashine zikasimama kwenye picha 24. Ukiichezesha filamu ya zamani kwa kasi hiyo, watu wanakimbia kama kuku. Wengi wanaosema hazichekeshi hawajawahi kuziona kwa mwendo wake.

Nusu Saa
Hapo umekosea, fundi. Wachekeshaji wenyewe walimwambia mpiga picha azungushe polepole makusudi ili waonekane wepesi. Hiyo kasi ni sehemu ya kichekesho.

Fundi Picha
Sikatai. Ila makusudi yao ni tofauti na uzembe wa aliyenakili.

Kijana wa Juzi
Nina miaka 22 na nasema ukweli wangu: sichekeshwi. Mtu anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Nikishajua ataanguka, nacheka nini?

Mzee wa Garimoshi
Mjukuu wangu, tafuta filamu ya mchekeshaji Buster Keaton, Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Ukuta mzima wa mbele ya nyumba unamwangukia, na yeye anapona kwa sababu amesimama mahali ambapo dirisha la juu linapita. Ukuta ule ulikuwa mzito wa kweli. Angesogea hatua moja tu, tungekuwa tunamzungumzia marehemu. Na uso wake haukupepesa! Mimi nacheka kila nikiuona, na machozi yananitoka kwa heshima.

Kijana wa Juzi
Shikamoo babu. Nimeitafuta sasa hivi, nimeiona mara tatu. Nimeshtuka, moyo umenidunda. Lakini sikucheka. Kushtuka na kucheka ni vitu viwili.

Mzee wa Garimoshi
Marahaba. Umeirudia mara tatu, hilo limenitosha kwa leo.

Dada Mkubwa
Mnaongelea kuanguka tu. Mimi vipo vichekesho vya zamani nilivyoviacha kabisa, vile vya kumpaka mtu masizi usoni ili watu weusi wachekwe. Hivyo havikuzeeka, vilikuwa vibaya tangu siku ya kwanza.

Nusu Saa
Dada, ukianza kuchuja hivyo hutabaki na kitu.

Dada Mkubwa
Nitabaki na vingi tu, kaka. Kiatu cha Chaplin hakimdhalilishi mtu.

Binti wa Zamu ya Usiku
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Hayo maneno ya "huyu ana njaa kweli" yamenigusa pabaya.

Mama yangu alifanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa moja: chupa inakuja kwenye mkanda, anakandamiza kifuniko, inapita, inakuja nyingine. Tulipokuwa wadogo tulilala naye chumba kimoja. Usiku, akiwa usingizini, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinakandamiza shuka. Tulizoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Alipostaafu ndugu tukakutana wote. Mimi ndiye niliyeleta projekta, nikatandika shuka jeupe ukutani, nikachagua Modern Times ya 1936. Nikawatangazia kila mtu kwamba leo mbavu zitauma. Kweli, ikaanza, nyumba nzima inacheka. Chaplin yuko kwenye mkanda na spana mbili, anakaza nati, inzi anamsumbua, kazi inampita, wenzake wanamgombeza. Watoto wanapiga makofi. Halafu anapata mapumziko, anaondoka kwenye mkanda, na mabega yanaendelea kuruka, mikono inaendelea kukaza nati ambazo hazipo.

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kaka yangu alisimama akawa anamwigiza. Nikageuka kumtazama mama, nikitegemea anacheka. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. Ameukandamiza chini ya paja, kama mtoto aliyeficha kitu. Akanyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango bila kishindo.

Nilizima. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kaka yangu alikaa chini akiwa bado amekunja ngumi mbili za spana. Usiku ule sikulala, nilijiona nimemwanika mama yangu ukutani ili achekwe.

Wiki mbili hatukuligusa. Kisha mwenyewe akaniambia, "Niwekee ile ya yule bwana, tukae sisi wawili." Nikamwekea, nikiwa nimeshika kitufe tayari kuzima. Pale pa mabega alikaa kimya. Inayofuata, Chaplin anakwenda chooni. Anagonga kadi kwanza, kama unaripoti kazi, anawasha sigara, na uso wa bosi unatokea mkubwa ukutani, mle mle chooni, unamfokea arudi kazini. Mama alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Na sisi tulikuwa tunahesabiwa!" Ndipo akanisimulia habari ya msimamizi wao aliyesimama nje ya mlango wa choo na saa mkononi. Miaka kumi na tisa hakuwahi kutusimulia.

Kimya Kingi
Pole na hongera, vyote viwili.

Mpenda Sinema
Dada, nimesoma nikiwa nimesimama. Mpe mama shikamoo yangu.

Nusu Saa
Mimi nadhani ungemuuliza kwanza kabla ya kuweka filamu ya kiwanda kwenye sherehe ya kustaafu.

Dada Mkubwa
Nusu Saa, na wewe! Angejuaje?

Nusu Saa
Kidole kilikuwa kinamwambia kila usiku. Sisemi kwa ubaya.

Binti wa Zamu ya Usiku
Hajakosea. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Mama Pacha
Ushauri wangu kwa mwenye uzi: usitangaze kwamba itachekesha. Weka tu, kaa pembeni, jifanye unakunja nguo. Mtu akiambiwa acheke anafunga mdomo. Na anza na fupi, zile za dakika ishirini.

Mzee wa Garimoshi
Mimi nasema kinyume. Mwambie kabisa, mpe historia, ajue aliyeanguka alianguka kweli.

Baba Mlezi
Ila si kwa watoto wadogo, nawaomba. Niliwaonyesha wangu Safety Last! ya 1923, mchekeshaji Harold Lloyd ananing'inia kwenye mshale wa saa juu ya jengo. Kesho yake wa miaka sita kaning'inia kwenye fimbo ya pazia, ikang'oka na plasta. Nilipomwambia kwamba Lloyd alikuwa amepoteza kidole gumba na cha shahada mwaka 1919 kwa bomu la kuigizia lililolipuka kweli, na mle ndani alivaa glovu ya kuficha, nikadhani ataogopa. Akauliza, "Kwa hiyo inawezekana hata kwa vidole vitatu?"

Mama Pacha
Mkalishe chini huyo, atakuja kuwa maarufu.

Kijana wa Juzi
Nimeweka hiyo Modern Times sasa hivi. Niko pale mashine ya kumlisha mfanyakazi inapoharibika, hindi linazunguka kwa kasi mdomoni. Hapa nimecheka, nakiri. Sijui kwa nini hapa na si kule kwa Keaton.

Mpenda Sinema
Fundi, nimeangalia, nakala yangu ni ya 1942. Nimeitafuta ya 1925, leo tunarudia. Kijana mwenyewe ndiye aliyeuliza kama yule bwana alipata chakula mwishoni.

Kimya Kingi
Binti, swali moja. Mama aliiangalia mpaka mwisho?

Binti wa Zamu ya Usiku
Hapana. Alilala kwenye kiti, mkono umetulia. Ameomba Jumapili tumwekee tena na kaka awepo, ila tuanzie chooni.