Nimeambiwa nina uvimbe kwenye utumbo mpana, nikubali kukatwa au nisubiri?

Kimya Kingi: Wakuu habari. Nina miaka 29, nimepimwa utumbo mpana kwa kamera nikaambiwa kuna uvimbe chini kabisa karibu na njia ya haja kubwa, daktari kasema unafanana sana na saratani, nijiandae kwa operesheni na huenda nikawekewa mfuko wa choo tumboni. Silali. Nikubali au nisubiri?

Bibi Karafuu: Pole mwanangu. Kula mboga za majani, punguza nyama, na usiache kumwomba Mungu.

Dereva wa Usiku: Mjomba wangu aliishi na huo mfuko miaka mingi. Mwanzo aligoma kutoka nje, baadaye akawa anaubadilisha mwenyewe chapchap na harusini anacheza mpaka asubuhi, yaani mtu usipoambiwa hujui. Usiogope mfuko.

Nesi Mstaafu: Walichukua kinyama cha kupima? Majibu yalisemaje?

Kimya Kingi: Hakuna seli za saratani. Daktari anasema huenda hawakupata sehemu yenyewe maana walichukua kidogo tu.

Nesi Mstaafu: Kidogo kwa nini?

Kimya Kingi: Damu ilitoka nyingi wakaacha. Alisema uvimbe una rangi ya bluu bluu, laini, ukiguswa unabonyea.

Nesi Mstaafu: Na damu chooni umeanza kuiona lini?

Kimya Kingi: Toka utotoni. Haiumi, inakuja inapotea. Nikaambiwa bawasiri, nikafanyiwa operesheni ya bawasiri, ikarudi vilevile. Sikuona kama inahusiana. Halafu tarehe ya operesheni hii nimeshaiahirisha, natumia vidonge vya kuongeza damu na nguvu zimerudi. Sasa kama si saratani nikatwe kwa lipi?

Mzee wa Ushahidi: Hii chai. Akaunti ya leo, kila akiulizwa anachomoa kipande kipya. Subirini, kesho ataleta namba ya muuza mitishamba.

Dereva wa Usiku: Hata mimi hapo kwenye bluu nimeshtuka, uvimbe wa bluu wapi na wapi.

Kimya Kingi: Siuzi chochote. Naumwa.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai, ugonjwa wenyewe upo na mwingine atasoma hapa. Unaitwa hemanjioma, ni mishipa ya damu iliyopanuka ndani ya ukuta wa utumbo. Ni nadra mno, ila vitabuni umeandikwa tangu 1839. Wengi huanza kutoka damu wakiwa wadogo, wanatibiwa bawasiri wee mpaka wanachoka. Si saratani, lakini kwenye kamera unaweza kudhani ndiyo, na kuukata kinyama ni hatari kwa sababu ya damu. MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, inausoma vizuri zaidi. CT nayo, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani kwa vipande, mara nyingi inaonyesha vijiwe vya chokaa ndani ya mishipa ya nyonga, na kwa kijana kama wewe hiyo ni dalili kubwa.

Kimya Kingi: Ripoti ya CT ninayo mkononi. Imeandikwa vijiwe vingi kwenye nyonga, hakuna aliyenieleza ni vya nini. Basi si nilikuwa sahihi kuahirisha?

Nesi Mstaafu: Hapana mwanangu. Kinyama kidogo hakijafuta saratani, na hata ikiwa hemanjioma, vidonge vinarudisha damu iliyopotea, mshipa haviuzibi. Siku moja unaweza kumwaga damu nyingi ghafla. Kwa kawaida tiba ni kutoa kipande kilichoathirika, ila daktari akijua anachokata anaweza kuuacha msuli wa haja kubwa salama, na mfuko ukiwepo mara nyingi ni wa muda. Omba MRI, tafuta bingwa wa upasuaji wa utumbo, mweleze damu ya utotoni yote. Ukiona kizunguzungu au mabonge ya damu, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Mzee wa Ushahidi: Weka picha ya ripoti, funika jina, tuone hivyo vijiwe.

Kimya Kingi: Siweki hapa mkuu. Naipeleka kwa bingwa, nimeshapiga simu kuomba nafasi. Nesi, hiyo MRI mtu anachomwa sindano?

Nesi Mstaafu: Mara nyingi ndiyo, ya dawa ya kuonyesha mishipa. Waambie kama una shida ya figo.