MREJESHO: Asilimia ya jumla kwenye ripoti ya Power BI (programu ya kutengeneza ripoti za data)

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini mstari wa jumla unaniandikia faida 30% wakati nikipiga kwa kalkuleta haifiki hata 11. Mliosema nisichukue wastani wa asilimia mlipatia kabisa, nilikuwa na safu ya asilimia kwa kila tawi halafu naiambia programu itoe wastani, sasa tawi moja limeuza 10 faida 5, hiyo 50%, lingine limeuza 990 faida 99, hiyo 10%, wastani wake ndo ile 30 ya uongo. Nikafuta safu nikatengeneza mezha (measure, yaani fomula inayopiga hesabu upya kwa kila mstari wa ripoti, hata ule wa jumla), jumla ya faida kugawa kwa jumla ya mauzo kwa DIVIDE, ile fomula ya kugawa isiyoleta kosa ukigawa kwa sifuri, ikaja 10.4% fasta. Na tawi lenye mauzo sifuri linabaki tupu tu, haliniharibii ripoti.

Kilichogoma ni miezi ya nyuma, mafaili yalikuja na asilimia peke yake. Ushauri wenu wa kuzidisha asilimia ya kila tawi kwa uzito wake kabla ya kutafuta wastani nao nilikwama, maana uzito wenyewe ndo mauzo ambayo sina 😅 Nimeomba namba ghafi, bado nasubiri. Asanteni sana jamani.