Semina ya siku tatu hotelini: tunafundishwa au tunalishwa?

Mkwezi: Wakuu, ofisini umekuja mfumo mpya wa manunuzi. Tukapelekwa Morogoro siku tatu, slaidi asubuhi hadi jioni, na cheti juu. Jumatatu iliyofuata nusu yetu tunaulizana pa kubofya. Ebbinghaus, yule mwanasaikolojia Mjerumani, alishaonyesha tangu 1885: usiporudia unasahau, na kingi kinapotea mapema. Kwa nini tusifundishwe saa moja kila wiki palepale mezani, tukipewa majaribio? Halafu semina ya manunuzi, masjala walifuata nini kama si posho?

Bi Faili: Masjala walifuata nini? Dokezo sabili lako linapita kwa nani, baba? Faili likipotea mnakimbilia wapi?

Chumvi ya Mawe: Huyo Ebbinghaus alijipima mwenyewe, tena kwa silabi zisizo na maana. Mtu mmoja! Ndiyo nifutiwe posho kwa ajili yake?

Mkwezi: Wengine wamerudia jaribio lake, wakapata yaleyale. Ila kumbe umekiri ni posho.

Chumvi ya Mawe: Ada ya mtoto utalipa wewe?

Mzee wa Ripoti: Tatizo slaidi. Binadamu anakumbuka 10% ya anachosoma, 90% ya anachotenda. Iko kwenye koni ya Dale, ule mchoro wa njia za kujifunza.

Kobe wa Pwani: Koni ya Dale ya 1946 haikuwa na asilimia hata moja, mzee. Wamezibandika wengine. Kama ni ushahidi, wasome watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke, 2006: wanafunzi waliorudia kusoma waliwashinda waliojipima bila kitabu, lakini dakika tano tu baada ya somo. Baada ya wiki mambo yakageuka. Ndiyo maana siku ya kufunga semina kila mtu anajiona ameiva.

Mzee wa Ripoti: Kijana, nimeanza kuendesha semina hujajua kushika kalamu. Asilimia zangu unazikataa, unaniletea wanafunzi wa Marekani!

Bi Faili: Nasubiri jibu langu.

Mkwezi: Dada yangu, nilikuwa natania.

Bi Faili: Utani gani huo? Hebu sema, Jumatatu ile aliyekuonyesha pa kubofya alitoka idara gani?

Chumvi ya Mawe: Weee! Mkwezi, jibu, tupo hapa.

Kobe wa Pwani: Lakini si ndiyo hoja yake, kwamba alielewa alipoelekezwa mezani...

Chumvi ya Mawe: Kobe, tulia kwanza. Mwache ajibu.