Mrejesho: lile giza la Ujerumani limeisha

Wakuu nimerudi. Mwezi wa kwanza niliuliza hili giza la huku Ujerumani linaisha lini, maana saa kumi na nusu jioni jua limeshazama na mtoto wa Moshi nilikuwa naelekea kuchanganyikiwa, mkaniambia vumilia mpaka wa tatu. Aisee mlisema kweli. Wiki iliyopita natoka kazini nikakuta maua madogo ya zambarau na njano, yanaitwa krokasi, yametoboa kwenye nyasi nilizojua zimeshakufa, nikasimama nayashangaa kama mshamba hadi basi likaniacha. Miti bado mitupu ila ndege wanapiga kelele toka alfajiri. Jumapili saa zimesogezwa mbele kwahiyo sasa hivi bongo mmenizidi saa moja tu, sio mbili tena. Nikampigia mama kule Kibosho video kol nimuonyeshe, yeye masika ndo yameanza, mlima umejificha wiki nzima, ananiambia "hivyo ndo vimaua vimekuachisha basi? Huku magugu yamejaa kwenye migomba, njoo upalilie." Koti zito sijalificha lakini, wenyeji wanasema hata mwezi wa nne theluji inaweza kurudi.