MJADALA: Karakana za Arusha ziachane na vijiti, zihamie MIG?

Wakuu, habari za kazi. Siku hizi mteja wa kuchomelea vyuma akifika karakana za Unga Limited anauliza kwanza, "Mna MIG?", yaani mashine inayochomelea kwa waya na gesi ya mtungi. Akiambiwa kuna mashine ya vijiti vya kuchomelea tu, anaondoka, eti hayo ni mambo ya kizamani. Wapo pia mafundi wenzetu wanaotaka vyuo vianze na MIG moja kwa moja, kijana asipotezewe muda na vijiti. Mimi napinga.

Kwenye bati jembamba MIG haina mpinzani, hilo halina ubishi. Land Cruiser ya watalii inapokatwa na kurefushwa bodi, bati la milimita 1 ukiligusa na kijiti ni rahisi kulitoboa. Waya wa milimita 0.8 unatoka wenyewe, husimami kubadilisha kijiti, huna ganda la kugonga.

Ila MIG inategemea gesi ya mtungi kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Karakana zetu nyingi ni mabanda yaliyo wazi. Upepo ukivuma gesi inapeperuka, mshono unajaa vitundu. Kijiti kinakuja na kinga yake: dawa iliyopakwa juu inaungua, inatoa gesi na kuacha ganda. Ukiitwa kufunga geti Moshono, unabeba inveta (mashine ndogo ya vijiti) na pakiti ya vijiti kwenye bodaboda, basi. Mtungi utaubebaje?

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mshono wa MIG unadanganya macho. Chuma kinene, kama chesisi ya tela, ukikichoma kwa moto mdogo waya unalala juu bila kushika. Nimeona kiungo cha tela kilichoachia: mshono umebanduka mzima, laini na mzuri, na chini yake mistari ya grainda inaonekana vilevile. Chuma hakikuyeyuka hata kidogo, na tela hiyo ilikuwa inabeba mzigo barabarani! Fundi makini angetumia kijiti cha 7018 hapo (aina yenye haidrojeni kidogo), kikavu, kwa sababu unyevu unaingiza haidrojeni kwenye mshono na chuma kinaweza kupasuka baadaye, hata siku ya pili. Sasa angalieni pakiti zinavyokaa wazi chini ya meza masika nzima.

TIG, yaani mashine ya kuchomelea kwa ncha ya tungsten na gesi ya agoni, siigusi sana. Kwa aluminiamu na matanki ya maziwa ya stenlesi ndiyo yenyewe, lakini inakwenda polepole na agoni ni ghali. Grili za madirisha haziwezi kulipa gharama hiyo.

Msimamo wangu: kijana aanze na vijiti, aone chuma kinavyoyeyuka na kushika, ndipo apewe MIG. Na mteja aache kuuliza jina la mashine, aulize kazi yake itapimwaje.

Wenye mashine zote mbili, semeni: kabla ya kugusa chesisi ya mtu, nani kati yenu anachomelea kipande cha majaribio cha unene uleule, kisha anakikunja kwenye jiliwa (kibano cha mezani) aone kama kitaachia?